Jongo na Jagi la Juisi

Siku nilipoambiwa kwamba nina jongo, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo, nilikabidhiwa karatasi moja yenye safu mbili. Safu ya kushoto ilitaja vitu vya kuacha: maini, figo na utumbo wa wanyama, nyama nyekundu kwa wingi, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, bia na pombe kali. Safu ya kulia ilitaja vinavyoruhusiwa, na humo, kati ya maziwa na mboga, lilikaa neno moja lisilo na maelezo yoyote: matunda. Bia niliiacha juma lile lile, maini sikuyagusa tena, na mahali pa vyote viwili nikaweka jagi la lita moja na nusu la juisi ya embe na pasheni, nililolijaza kila asubuhi na kulimaliza kabla ya kulala. Nilijiona nimefanya biashara nzuri sana, kwa kuwa nilikuwa nimebadilisha kitu kilichokatazwa kwa kitu kilichoruhusiwa, tena kitamu zaidi.

Katika miezi mitano iliyofuata ugonjwa ulinirudia mara tatu, mara mbili katika kidole gumba cha mguu wa kulia na mara moja katika kifundo. Maumivu yenyewe sitayaeleza kwa kirefu. Aliyeyapata anayajua, na asiyeyapata hataamini kwamba shuka linaweza kuumiza. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa mtiifu. Nilirudi kwa daktari nikiwa na hasira ya mtu aliyelipa deni lake lote na bado anadaiwa.

"Kila ukija nakuuliza unakula nini," aliniambia baada ya kupitia majibu ya damu. "Leo niambie unakunywa nini."

"Juisi tu, daktari. Ya matunda halisi, na siongezi sukari hata kijiko."

"Kiasi gani kwa siku?"

"Jagi moja."

"La ukubwa gani?"

Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Hakunigombeza. Alichukua karatasi nyingine akaanza kunichorea ini, na mengi ya ninayoyaandika hapa yalianzia kwenye mchoro ule, ingawa baadaye niliyafuatilia mwenyewe kwa kusoma.

Asidi ya yuriki ni taka inayobaki mwili unapovunja purini, ambazo ni sehemu ya vinasaba vya kila chembe hai. Sehemu kubwa ya asidi hiyo hutokana na chembe za mwili wenyewe zinazokufa na kujengwa upya kila siku, na sehemu ndogo zaidi hutokana na chakula. Wanyama wengi wanacho kimeng'enya kiitwacho yurikesi ambacho huigeuza taka hiyo kuwa kitu kinachoyeyuka kwa urahisi na kutoka na mkojo, lakini binadamu na nyani wakubwa walikipoteza kimeng'enya hicho mamilioni ya miaka iliyopita. Sisi tunazitegemea figo, ambazo hutoa takriban theluthi mbili ya asidi ya yuriki, na utumbo, ambao hutoa iliyobaki. Kiwango chake katika damu kikipita takriban miligramu 6.8 kwa kila desilita, asidi hiyo haiwezi tena kubaki imeyeyuka yote. Hugeuka taratibu kuwa fuwele nyembamba kama sindano ambazo hupenda kujikusanya kwenye viungo, hasa vile vya pembeni ya mwili ambako joto ni la chini. Ndiyo sababu kidole gumba cha mguu huumia mara nyingi kuliko viungo vingine. Kipimo changu siku ile kilikuwa 9.2.

Kwa hiyo karatasi yangu haikusema uongo. Matunda mengi yana purini chache mno, na mtu anayehesabu purini peke yake hana sababu ya kuliogopa embe. Tatizo ni kwamba kuna mlango wa pili wa kuingilia asidi ya yuriki, na mlango huo hauhitaji purini yoyote kutoka kwenye chakula. Unaitwa fruktosi, yaani sukari ya matunda, ambayo pia ni nusu ya sukari ya kawaida ya mezani na sehemu kubwa ya asali.

Mchoro wa daktari ulikuwa hivi. Fruktosi ikifika kwenye ini hubandikwa fosfati mara moja ili iweze kutumika, na fosfati hiyo hutolewa kwenye ATP, ambayo ni molekuli inayobeba nishati ya chembe. Glukosi nayo hupitia hatua inayofanana na hiyo, lakini glukosi ina breki: ini likitosheka, kazi hupungua. Kimeng'enya kinachoshughulikia fruktosi hakina breki ya namna hiyo. Kikipelekewa mzigo mkubwa kwa mpigo kitaufanyia kazi wote kwa haraka, ATP zitapungua ghafla, na mabaki yake, kwa kukosa fosfati ya kuyarudisha yalivyokuwa, yatavunjwa hatua kwa hatua hadi kuwa asidi ya yuriki. Mwili unakuwa umetumia purini zake wenyewe kutengeneza taka. Jambo hili si jipya: mwaka 1967 watafiti wa Kifini Perheentupa na Raivio walichapisha katika jarida la The Lancet maelezo ya jinsi fruktosi inavyopandisha asidi ya yuriki katika damu, na kupanda huko huonekana ndani ya saa chache tu, si baada ya miezi. Kuna na ubaya wa polepole, kwamba sukari nyingi kwa muda mrefu huongeza uzito na kuufanya mwili uwe sugu kwa insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, na insulini ikizidi katika damu figo hupunguza kutoa asidi ya yuriki. Mlango wa kuingilia unafunguka huku wa kutokea ukisogezwa.

Uthibitisho kutoka kwa watu wengi ulikuja mwaka 2008, wakati Choi na Curhan walipochapisha katika British Medical Journal matokeo ya kuwafuatilia wanaume 46,393 nchini Marekani kwa miaka 12. Wote walianza wakiwa hawana jongo, na 755 kati yao walilipata. Waliokunywa soda mbili au zaidi zenye sukari kwa siku walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 85 kuliko waliokunywa chini ya moja kwa mwezi, ilhali soda zisizo na sukari hazikuonyesha uhusiano huo. Haya nilikuwa tayari kuyapokea, maana soda sikuwa mnywaji wake. Kilichonikaba ni mstari uliofuata, uliosema kwamba juisi ya matunda nayo ilionyesha hatari ya karibu kiasi kile kile kwa waliokunywa glasi mbili au zaidi kwa siku. Miaka miwili baadaye utafiti kama huo miongoni mwa wanawake zaidi ya 78,000 ulionyesha jambo hilo hilo kwa juisi ya machungwa. Tafiti za namna hii huonyesha uhusiano na peke yake haziwezi kuthibitisha chanzo, lakini zikiwekwa kando ya ule mchoro wa ini zinakuwa ngumu kupuuzwa.

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mapema. Jagi langu lilihitaji maembe manne makubwa na pasheni kumi, maji yakijaza nafasi iliyobaki. Nyama ya embe ina takriban gramu 14 za sukari katika kila gramu 100, na embe kubwa hutoa gramu 200 za nyama au zaidi. Kwa hiyo maembe yale manne peke yake yalikuwa na zaidi ya gramu 110 za sukari, na zaidi ya nusu ya sukari hiyo, ukijumlisha ile iliyofungwa ndani ya sukrosi, yaani sukari ile ile ya mezani, ni fruktosi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa wastani, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Mwongozo huo unaihesabu juisi ya matunda kuwa sukari huru hata kama hakuna aliyeongeza kijiko. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo. Tofauti hiyo, kati ya embe na embe lililopitishwa kwenye blenda na chujio, ndiyo iliyonifungua macho, na ndiyo ninayotaka mgonjwa mwenzangu aitafakari kuliko orodha yoyote ya matunda mema na mabaya.

Jaribu kula maembe manne kwa kuyamenya na kuyatafuna, kila siku, kwa miezi mitano. Utakwama. La kwanza utalifurahia, la pili utalimaliza, la tatu utaliangalia, kwa sababu nyuzinyuzi zimejaa tumboni na taya zimechoka. Juisi huondoa vizuizi vyote hivyo: chujio hubakiza makapi, glasi haitafunwi, na kilichohitaji nusu saa kuliwa hushuka kooni kwa dakika moja. Kasi hiyo si jambo dogo. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba fruktosi ikiingia kwa kiasi kidogo, sehemu yake kubwa hushughulikiwa na utumbo mwembamba kabla ya kulifikia ini, na kwamba kiasi kikizidi utumbo hushindwa na ziada humiminikia kwenye ini. Panya si mtu, nakubali. Hata hivyo picha ile ya utumbo kama mlinzi anayeweza kuwakagua wageni wachache lakini si umati ndiyo inayonijia kila ninapoliona jagi lililojaa.

Nisieleweke kwamba tunda zima halina neno kabisa. Utafiti ule wa mwaka 2008 ulikuta uhusiano hata kwa matufaha na machungwa yanayoliwa mazima, na mtu anayekula nusu ya tikiti maji kwa mkao mmoja hawezi kujificha nyuma ya nyuzinyuzi. Ila tunda lina vitamini, potasiamu na nyuzinyuzi, linashibisha, na hakuna daktari niliyekutana naye aliyeniambia niache matunda. Waliniambia nipunguze kuyanywa.

Yapo matunda ambayo ladha yake hudanganya, na hapa nina kisa changu. Baada ya kuliacha embe nilihamia kwenye ukwaju, nikiamini kwamba kinywaji kichachu hakiwezi kuwa na sukari ya kutisha. Ukweli ni kwamba ukwaju uliochanganywa na maji mengi haunyweki bila kutiwa sukari, na mkono unaotia sukari kwenye kitu kichachu huwa mzito kuliko mkono unaotia sukari kwenye chai. Kijiko kikubwa cha sukari kina takriban gramu 12, na nusu yake ni fruktosi. Nilikuwa natia vinne. Pasheni, ndimu na ubuyu huingia katika mtego huo huo, na asali, ambayo watu huiona kuwa mbadala wa heshima, ina fruktosi ya kutosha kutokusaidia chochote kwa mabadilishano hayo. Juisi ya miwa nisiisemee mengi: ni sukari iliyoyeyushwa, imebadilishiwa jina tu.

Uchachu wenyewe, kwa upande mwingine, umesingiziwa. Nimekutana na wagonjwa wanaokimbia ndimu na limau kwa hoja kwamba "asidi inaongeza asidi". Asidi ya ndimu huvunjwa mwilini na kuacha kitu kinachopunguza ukali wa mkojo, na mkojo usio mkali huyeyusha asidi ya yuriki vizuri zaidi, jambo lenye faida hasa kwa wale ambao ugonjwa huu umewaletea mawe ya figo. Maji yenye vipande vya ndimu bila sukari ni kinywaji salama kwa wengi wetu. Hayataziyeyusha fuwele zilizokwisha kujijenga kwenye kidole, na anayekuahidi hivyo usimpe fedha yako.

Ahadi za namna hiyo zipo pia juu ya nanasi. Husemwa kwamba lina bromelaini, kimeng'enya kinachotuliza uvimbe, na kwamba glasi ya juisi yake asubuhi "husafisha viungo". Bromelaini kweli ipo, lakini imejaa zaidi kwenye shina na kiini kigumu ambacho wengi hukitupa, na kazi yake ni kuvunja protini. Fuwele za jongo si protini. Ni chumvi ya asidi ya yuriki na sodiamu. Kuitumia bromelaini dhidi ya fuwele hizo ni sawa na kutafuta kufungua kufuli kwa sabuni. Vitamini C ina hoja yenye nguvu kidogo zaidi, na mapera, ambayo yanaweza kuwa na zaidi ya miligramu 200 katika kila gramu 100, hutajwa mara nyingi. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban miligramu 500 za vitamini hiyo kwa siku zilishusha asidi ya yuriki kwa wastani wa miligramu 0.35 tu kwa desilita, na mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya viungo unashauri wenye jongo wasijiongezee vidonge vya vitamini C kwa lengo hilo. Mtu aliye kwenye 9.2 hafiki popote kwa hatua ya 0.35, sembuse akiifuata kupitia juisi iliyojaa sukari.

Maji ya dafu ndiyo niliyokuja kuyapenda. Yana sukari chache ukilinganisha na juisi, mara nyingi chini ya gramu 5 katika mililita 100, na glasi moja hukata kiu ya kweli. Tahadhari yake iko kwingine: glasi hiyo hubeba zaidi ya nusu gramu ya potasiamu, na mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazozuia potasiamu kutoka, anaweza kudhurika. Kwa kuwa jongo, shinikizo la damu na ugonjwa wa figo hupenda kukaa nyumba moja, tahadhari hiyo inawahusu wengi wetu. (Na kwa kuwa nimezitaja dawa hizo: baadhi ya dawa za kukojosha hupandisha asidi ya yuriki, ilhali losatani huishusha kidogo. Inafaa kumuuliza daktari unatumia ipi na kwa nini.) Mwenye ugonjwa wa figo ajihadhari zaidi na lile tunda liitwalo kwa Kiingereza star fruit, ambalo likikatwa hutoa umbo la nyota, kwa sababu lina sumu ambayo figo nzima huiondoa na figo mbovu huiacha ifike kwenye ubongo. Balungi nalo lina sheria yake: maelezo ya kolkisini, dawa inayotumika kutuliza na kuzuia mashambulizi ya jongo, huonya dhidi ya juisi ya balungi kwa kuwa inaweza kuzuia mwili kuivunja dawa hiyo, na kolkisini ikizidi mwilini ni hatari kubwa.

Sasa nakunywaje? Maji kwanza, na mengi, hasa siku za joto, kwa sababu mwili ukikauka asidi ya yuriki hupanda bila msaada wa tunda lolote. Juisi nimeibakiza kwa siku mbili au tatu za juma, glasi ndogo ya mililita 150 pamoja na chakula, bila kuchuja na bila kuongeza sukari. Mara nyingine nasaga nusu ya embe au kipande cha papai pamoja na mtindi usio na mafuta mengi, nikikumbuka kwamba utafiti wa mwaka 2004 uliowafuatilia wanaume 47,150 ulikuta wanywaji wa maziwa, hasa yaliyopunguzwa mafuta, wakipata jongo kwa nadra zaidi. Kiungo kikianza kuwasha na kuwa cha moto, juisi husimama kabisa hadi hali itulie. Kwenye sherehe nachukua glasi moja na kukaa nayo muda mrefu. Hakuna anayehesabu glasi yako mradi haijawa tupu.

Lakini lazima niseme jambo ambalo wauzaji wa juisi za tiba na wahubiri wa kuacha juisi wote hawapendi kulisikia. Nilipoacha jagi langu kwa wiki sita, kabla ya kuanza dawa yoyote ya kudumu, kipimo changu kilishuka kutoka 9.2 hadi 8.4. Nilitegemea muujiza nikapata nukta nane. Lengo ambalo madaktari huwawekea wagonjwa wengi ni chini ya 6, kiwango ambacho fuwele zilizokwisha kujijenga huanza kuyeyuka zenyewe, na mimi sikuwa na njia ya kufika huko kwa kubadili vinywaji peke yake, kwani ninachorithi kwenye figo zangu kina nguvu kuliko ninachomimina kwenye glasi. Alopurinoli ndiyo iliyonifikisha. Ilianzishwa kwa miligramu 100 kwa siku na kuongezwa taratibu, huku kolkisini kwa dozi ndogo ikinilinda, kwa sababu miezi ya mwanzo ya kushusha asidi ya yuriki ndiyo inayoweza kuleta mashambulizi mapya, na wengi huitupa dawa hapo hapo wakidhani inawaumiza. Mimi mwenyewe nilibaki na siku mbili tu niitupe. Baada ya miezi minane kipimo kilisoma 5.4, na tangu hapo kidole kimenyamaza.

Nilimuuliza daktari kama sasa, nikiwa kwenye 5.4, ninaweza kulirudia jagi. Aliniuliza kama nimesahau ukubwa wake. Jagi lenyewe bado lipo mezani, na kila asubuhi nalijaza maji na vipande viwili vya ndimu. Kando yake huwa kuna kisahani, kisu, na embe moja.